Vidole Vyeusi vya Wifi

Wifi yangu, yaani dada wa mume wangu, ana vidole vyeusi. Rangi yake ni maji ya kunde kama ya ukoo wao wote, ila kuanzia kwenye kucha mpaka kiungo cha pili ni nyeusi tii, kama mtu aliyechovya mikono kwenye lami. Ni gundi ya vioo vya magari. Inatoka kwenye mrija ikiwa nzito kama uji ulioungua, na ikishakauka haijui sabuni, haijui mafuta ya taa, haijui jiwe la kusugulia visigino. Inangoja ngozi yenyewe ichakae, ibanduke nayo. Ngozi ya wifi haipati nafasi hiyo, maana kila kukicha anaongeza nyingine juu.

Mnyoosha bodi, ambaye banda lake limepakana na letu, humwambia kwamba siku akifa waosha maiti watagombana, kila mmoja akidai mwenzake hakusugua. Wifi humjibu kwamba atakayetangulia ni yeye mnyoosha bodi, na jeneza lake watalinyoosha kwa nyundo ileile anayoharibia magari ya watu. Hivyo ndivyo wanavyosalimiana asubuhi.

Ni mwanamke mwenye mkono mwepesi. Sisemi kwa kumsengenya, hata yeye anasema. Siku ya kwanza nilipoletwa hapa kama mke, kabla sijapewa kiti, nilimkuta amemkaba mteja koo na kumbana kwenye mlango wa gari lake. Mteja alikuwa amempapasa kiunoni wakati ameinama ndani ya gari. Wifi akageuza shingo, akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza habari za safari na za mama yangu, na muda wote huo mkono haujaachia koo la mtu. Alipomaliza kunikaribisha akamgonga yule bwana goti kwa nyundo ya mpira. Aliondoka akirukaruka kama kunguru, na kesho yake ilibidi arudi kwa upole, maana gari lilikuwa bado kwetu.

Mengi ya namna hiyo tunayacheka. Lipo moja hatulicheki. Kazi ya vioo wifi alifundishwa na mumewe. Mume alipofariki, kabla kaburi halijakauka, ndugu wa marehemu alikuja na mkokoteni kubeba vifaa vya kazi. Wakavutana, wakatukanana, na wifi akaokota spana ya magurudumu akampiga nayo ya uso. Mara moja tu. Shemeji yake akapoteza jicho, na wifi akapoteza miaka. Binti yake ndiyo kwanza alikuwa anatambaa. Akachukuliwa na kaka mkubwa wa wifi na mume wangu, akalelewa pamoja na watoto wa kaka. Wifi alipofunguliwa, yule mtoto alikuwa msichana wa kujitwisha ndoo. Akaletwa mbele yake, akaambiwa asalimie. Akainama kwa adabu, akasema kama alivyosikia watoto wenzake nyumbani wakisema kila picha ya wifi ikitolewa: shikamoo, shangazi. Wifi akaitikia marahaba. Mpaka leo ni shangazi. Yeye halitaji jambo hilo, na sisi tumejifunza kulizunguka kama shimo lisilo na kifuniko.

Mimi, mume wangu na mtoto wetu tunakaa chumba cha nyuma ya banda. Mume wangu huondoka alfajiri kwenda machimbo ya kokoto na kurudi jua likizama. Mchana mimi ndiye ninayefagia vioo, ninayepokea simu, ninayechemsha chai. Mtoto nambeba mgongoni, maana sakafu ya kwetu si ya kumweka mtoto chini.

Asubuhi ninayoisimulia tulikuta kigari kidogo kimeegeshwa mbele ya banda, pua imeelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Ndani alikuwa mshonaji wa mtaa wa pili. Nilimfahamu kwa sura, ndiye aliyenishonea nepi za mtoto. Jicho moja lilikuwa limevimba likafumba kabisa, na la pili lilikuwa halitulii. Amempakata binti yake mdogo, wa umri wa kuanza kuunga maneno, nyuma ya usukani, kwa sababu kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa vioo. Kile kioo kidogo cha ubavuni, cha pembetatu, kilicho baada ya mlango wa nyuma na kisichofunguka, hakikuwepo. Pamebaki tundu na meno machache kwenye kingo.

Wifi hakumuuliza kitu. Alimwambia ashuke, akanipa mimi mtoto.

Nilimkalisha kitandani kwangu karibu na dirisha nikaanza kumchambua nywele. Kioo cha gari kikivunjika hakiachi visu, kinamwagika punje punje kama chumvi ya mawe. Zilikuwa zimeingia mpaka kwenye ngozi ya kichwa, na nyuma ya sikio damu ilikuwa imekauka. Hakulia. Nilipofikiri nimemaliza alifumbua kiganja, na punje moja ilikuwa katikati.

“Ya baba,” akaniambia, kama mtu anayeonyesha zawadi.

Nikaitoa polepole. Nikamsogeza kwenye ziwa la kushoto, wangu akiwa kwenye la kulia, ingawa yeye alishaachishwa kunyonya. Hakunyonya, aliegemea tu.

Nje mshonaji alikuwa anaeleza, na ukuta wetu ni wa mabati, hausitiri neno. Mumewe ni kinyozi wa barabara kubwa, yule mwenye koti jeupe. Mtaa mzima unamsifu kwa mikono yake, laini, misafi, inanukia poda. Jana jioni alitoka kazini akakuta mkewe anaongea na mama yake kwa simu. Akamnyang'anya simu akaipasua ukutani. Akampiga kwa kigoda mgongoni, kisha kwa ngumi usoni, kisha akapumzika, akanywa maji, akaendelea. Mshonaji alipopata upenyo alimnyakua mtoto, akakimbilia kwenye gari, akamtupa kiti cha nyuma na kufunga milango yote. Ufunguo ukawa hauingii mahali pake. Kinyozi akatoka taratibu na spana ya magurudumu. Akalizunguka gari akitazama kioo kimoja kimoja, anachagua. Akasimama pale nyuma ubavuni, akainama, akamwambia mkewe kupitia kioo, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, kwamba atavunja hiki kidogo tu asije akamtia hasara.

Akapiga. Vioo vikammwagikia mtoto. Akaingiza mkono mpaka begani kutafuta kitasa, spana ikamponyoka ikaanguka ndani, na gari hapo likakubali kuwaka. Alikokotwa hatua kadhaa kabla hajauchomoa mkono. Mshonaji hakutazama nyuma. Alilala kituo cha mafuta, chini ya taa, karibu na mlinzi.

Sasa alikuwa anataka jambo moja, kufika kwa mama yake na mtoto wake kabla kinyozi hajajua yuko wapi. Ni mwendo wa mchana kutwa na zaidi, barabara ya malori, na njiani itabidi walale ndani ya gari. Hawezi kulala na mtoto kwenye gari lenye tundu la kutosha mkono wa mtu. Mkono wenyewe alishauona.

Wifi alilitazama lile tundu akasonya. Kosa hili analijua, watu wote wanalifanya. Mtu akifungia funguo ndani anavunja kidogo. Mwizi anavunja kidogo. Na sasa mume naye, heri nusu shari. Hawajui kwamba kioo kikubwa cha mlango kina skrubu zake, unafungua, unatelezesha kipya, gari linaondoka. Hiki kidogo kimegandishwa kwenye mwili wa gari kwa gundi, na gundi haiamrishwi.

“Kioo ninacho,” wifi akamwambia. “Kuna kigari kama hiki kimechinjwa kule nyuma. Lakini nikikibandika leo, gari halisogei mpaka kesho asubuhi.”

“Akinikuta je, dada?”

“Atanikuta na mimi.”

Wakalisukuma gari mpaka ndani kabisa ya banda, wakateremsha turubai mbele yake.

Kukitoa kioo kizima kwenye gari bovu ni kazi ya watu wawili. Wifi alitoboa gundi ya zamani kwa bisibisi, akapitisha waya mwembamba, ncha moja akashika yeye nje, nyingine mshonaji ndani. Wakawa wanavuta kwa zamu, nenda rudi, kama wanaokata gogo kwa msumeno. Mshonaji alijifunza haraka, mikono yake imezoea uzi. Waya ulimkata kiganja, hakusema mpaka wifi alipoona damu kwenye kioo. Kikatoka kizima, na wifi akakilaza juu ya blanketi kama mtoto mchanga.

Kisha akarudi kwenye lile tundu. Akang'oa meno yaliyobaki kwa koleo, akabandua plastiki ya ndani, akazoa punje zilizodondokea kwenye uwazi wa bati, maana zikibaki humo gari litalia kama kayamba maisha yake yote. Gundi ya zamani hakuitoa yote. Aliikwangua kwa wembe mpaka ikabaki utando mwembamba, kwa sababu mpya hushika zaidi juu ya ya zamani kuliko juu ya rangi. Akafuta kwa spiriti, akapaka dawa, akasubiri ikauke, na hapo ndipo akachukua mrija. Mstari aliouzungusha haukukatika mahali popote. Akakiweka kioo, akakikandamiza kwa viganja vyote viwili, akafunga utepe mpana kutoka kwenye kioo mpaka kwenye paa ili kisiteremke. Vidole vikawa vyeusi upya, vinang'aa.

Akafunga milango kwa ufunguo, kioo cha mlango wa mbele akakiacha wazi upana wa kidole. Akamweleza mshonaji sababu. Gundi ikiwa mbichi mlango haubamizwi. Hewa ya ndani ikikosa pa kutokea inakisukuma kioo nje. Hata kesho na keshokutwa, afunge mlango kwa kuusindikiza.

Mshonaji akacheka, mara ya kwanza tangu aje. “Kwetu sijui mlango usiobamizwa unasikikaje.”

Alipokwenda kunawa nilimwona ameichukua ile spana ya mumewe kwenye sakafu ya gari. Ameiweka chini ya benchi, akaifunika kwa kitambaa.

Kinyozi alikuja mchana, saa ambayo mafundi wengi huwa wamekwenda kula. Hatukujua nani alimwambia, lakini kwenye kiti cha kinyozi hakuna siri, watu hulipa ili waongee. Alikuwa na koti lake jeupe, kifua kimenyooshwa kwa pasi. Akabisha hodi vizuri. Akamwita wifi mama, akasema amekuja kuchukua familia yake, kuna ugomvi mdogo wa nyumbani umetokea. Wifi akamwambia hapa ni kwa vioo, familia wanauza pengine. Kinyozi akatabasamu. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni aliponyoosha mkono akampiga wifi kofi lililomgeuza.

Nilikuwa mlangoni kwangu na watoto wawili. Nilirudi hatua moja ndani, nikauacha mlango wazi kidogo.

Wifi alimrudishia kwa kichwa. Nilisikia pua. Koti jeupe likapata madoa, na hilo nadhani lilimuuma kuliko pua yenyewe, maana alijitazama kifuani na kutoka hapo hakuwa tena mtu wa hodi. Alimshika wifi nywele akamvuta mpaka kwenye ukuta ambako vioo vya mbele vya magari vimeegemezwa, akamsukuma juu yake. Kimoja kikapasuka kwa kishindo. Wifi akainuka na nyundo ya mpira, akampiga nayo mbavuni, mara mbili, kinyozi akakunjika. Kisha akaidaka, wakaivutia huku na huku wanahema bila maneno, na yeye ndiye aliyekuwa mzito zaidi. Alipoipata alimpiga nayo wifi mkononi, chini ya kiwiko, na mkono ukaanguka kama si wake. Akampiga teke. Wifi akaangukia kwenye vioo, viganja vikatangulia.

Kinyozi akafunua turubai.

Akajaribu milango, imefungwa. Akaipiga nyundo kwenye kioo cha mlango, ikaruka ikamrudia, ni mpira. Hapo ndipo macho yake yalipoona utepe. Si fundi, lakini si mjinga, alijua kilichofungwa utepe bado ni kibichi. Akaung'oa, akaweka mikono yake miwili juu ya kile kioo kidogo akasukuma kwa uzito wake wote. Kikaingia ndani kizima, kikaangukia kiti cha nyuma. Akashika kingo za tundu ili ajivute, gundi ikamjaa viganja. Akaingiza mkono mpaka begani, shavu limebanwa kwenye bati, anapapasa kitasa. Anahema na kumwita mkewe kwa jina la utani la nyumbani, jina zuri.

Mshonaji akatoka nyuma ya benchi alikojibanza, na spana mkononi.

Hakupiga kelele. Alikuja taratibu, hatua za mtu anayemwendea kuku. Kinyozi hakuweza kumwona, uso wake ulikuwa umelalia upande wa pili, mkono umekwama ndani, shingo imenyooka wazi juu ya kola. Nikamgeuza yule mtoto uso kwenye kifua changu. Mimi mwenyewe sikuweza kugeuka. Spana ilipanda juu, ikafika mwisho wake.

Wifi akaidaka huko juu.

Alikuwa ameinuka kwenye vioo bila mimi kuona. Ameikamata spana kwa mkono wake mmoja mzima, kutoka nyuma, na damu ilikuwa inateremka kwenye mkono huo mpaka kwapani. Mshonaji akavuta. Wifi akavuta. Hawakuwa wanatazamana.

“Niachie, dada. Niachie nimalize.”

“Nilipiga moja tu,” wifi akamwambia. “Moja. Nina binti mimi. Ananiita shangazi.”

Sijawahi kumsikia akilisema, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Alilisema bila kupaza sauti, sikioni mwa mwenzake, na mimi nililisikia kwa sababu banda zima lilikuwa kimya. Vidole vya mshonaji vikafunguka kimoja kimoja.

Sasa spana ikawa kwa wifi, na kinyozi bado amekwama mbele yake. Nikamwona anaipima. Nikaona bega linapanda. Midomo imepasuka, mkono mmoja unaning'inia, na shingo ya mtu aliyemfanya hivyo iko karibu kuliko sahani ya chakula.

“Wifi,” nikasema.

Nilisema hivyo tu. Alinitazama, akawatazama watoto kwenye kifua changu. Akairusha spana kwa nguvu zake zote, ikapita juu ya ukuta wa mabati ikaangukia kwa mnyoosha bodi, ikatua juu ya bati lake aliloshinda kulinyoosha tangu juzi. Tulimsikia akitukana huko huko. Akaja na nyundo yake na wenzake wawili waliokuwa wanarudi kutoka kula, wamechelewa kama ilivyo kawaida ya msaada. Kinyozi alikuwa ameshajichomoa. Aliwapita katikati mbio, koti limechanika mkono mmoja.

Kituo cha polisi kiko karibu na soko. Tulikwenda sote, mshonaji na jicho lake, wifi na mkono umefungwa kwa kipande cha turubai, mimi na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja kiunoni. Askari wa zamu alikuwa mtu mzima mwenye nywele nyeusi sana, zimechongwa vizuri pembeni. Mshonaji aliziona, akanifinya. Ni mteja wa mumewe.

Kinyozi aliitwa, akaja bila taabu. Amebadili koti. Amesimama wima, mikono mfukoni, pua imefungwa plasta. Akaeleza kwamba alikuwa dukani kwake tangu asubuhi, mlango umempiga pua, na mkewe ana matatizo ya kichwa. Hajui gereji yoyote. Alikuwa na sauti ya kupendeza. Mimi mwenyewe, niliyeona yote, nilijikuta namsikiliza. Na askari naye alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeshika kalamu lakini haoni sababu ya kuiandikia.

Kisha akamwambia, bila ukali, ni adabu tu za kituoni, “Ukiongea na mimi toa mikono mfukoni.”

Alichelewa kidogo kuitoa. Ilikuwa imevimba, nyekundu, imesuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa mpaka ngozi imechubuka, na juu ya wekundu huo gundi ilikuwa palepale. Kwenye kucha, kwenye mistari ya viganja, kati ya vidole. Ile mikono laini ya mtaa mzima.

“Ni rangi ya nywele,” akasema.

Askari akajishika kichwa chake bila kukusudia. Akaitazama ile mikono kwa muda.

“Rangi yako naijua mimi,” akasema. “Kila Jumamosi unanipaka, na kila Jumapili mke wangu anafua foronya. Rangi yako ingetoka kwa jasho tu.”

Mnyoosha bodi, aliyekuwa amejipenyeza mpaka mlangoni, akakohoa ili asicheke. Wifi akasogea kwenye meza. Akaweka mkono wake mzima juu ya mbao, karibu na mikono ya kinyozi, vidole vimetanuliwa. Weusi mmoja. Tofauti ni kwamba wa kwake ulikuwa na umri.

Kinyozi akamgeukia, na sauti ya kupendeza ikaisha. “Sikuvunja kitu mimi leo. Kile kidogo nilikivunja jana. Leo nimekisukuma tu.”

Askari akaanza kuandika.

Kinyozi alilala ndani usiku huo, na siku nyingine zilizofuata mpaka alipofikishwa mbele ya hakimu. Lakini habari yangu si yake.

Sisi tulirudi bandani. Wifi hakukubali kwenda kutazamwa mkono kabla ya kukitazama kioo. Kilikuwa kwenye kiti cha nyuma, kizima, kimekwaruzwa pembe moja tu. Akacheka peke yake. Kwa kuwa mkono mmoja haufanyi kazi, alikaa kwenye kigoda akamwelekeza mshonaji. Kwangua hapo. Usiguse rangi. Futa. Subiri ikauke, usiipulizie kwa mdomo, mate hayagandishi. Mshonaji akauzungusha mstari wa gundi kwa jicho moja, umenyooka kama pindo la gauni, wifi akakiri kwamba ni mzuri kuliko wake na kumwonya asiende kumwambia mnyoosha bodi. Wakakikandamiza pamoja, mikono mitatu. Mume wangu aliporudi kutoka machimboni alikuta wanawake watatu na watoto wawili wamekaa chini, wanakitazama kioo kidogo kana kwamba kitasema kitu. Akauliza nani amekufa. Tukamwambia hakuna, na ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi mshonaji aliondoka. Mtoto aliketi nyuma, chini ya kioo chake. Nilikuwa nimempa kijiwe cha mviringo akishike kiganjani, badala ya ile punje. Mama yake akaufunga mlango kwa kuusindikiza kwa mikono miwili, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala, na vidole vyake vilikuwa vyeusi.

Mkono wa wifi ulikuwa umevunjika kweli. Ulifungwa plasta ngumu, na kwa muda wote huo mimi ndiye niliyekuwa mkono wake wa pili, na ndiyo maana leo ninaandika kwa kucha ambazo hazitoki weusi. Binti yake alikuja kumwona. Alimletea matunda, akamwosha nywele, akamwita shangazi. Wifi akamwambia maji ni ya moto mno. Sina la kuongeza hapo.

Mvua zilipoanza, mshonaji alipiga simu kutoka kwa mama yake. Nikaiweka sikioni kwa wifi. Mshonaji alikuwa anasema kwamba imenyesha siku nzima na gari liko nje, amepitisha kiganja pembezoni mwa kioo, ndani kukavu kabisa. Mtoto ameshazoea. Jicho limefunguka.

“Milango je?” wifi akauliza.

Sikusikia jibu, lakini nilimwona akitikisa kichwa, ameridhika. Kisha akaniambia nikate simu, akatoka na plasta yake kwenda kumgombeza mnyoosha bodi, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa bado anadai alipwe lile bati lililoangukiwa na spana.